Ndoo ya Marehemu

Bi. Mwaja alizikwa mwaka juzi. Watu walilia, wakala ubwabwa, wakatawanyika. Lakini asubuhi ile, kama asubuhi nyingine zote, aliomba maji na akapewa.

"Mbukwa! Naomba maji yangu," simu ilisema, kisha ikakohoa, maana marehemu hakuwa mtu wa kumaliza maneno bila kukohoa.

Sikio la bomba, kidude cheusi kilichobanwa juu ya koki katika kila nyumba ya mji wa Chibwelo, likawaka taa ya kijani. "Mbukwa, Bi. Mwaja," likaitikia salamu ile ya Kigogo kwa adabu zote. "Ndoo yako hii hapa."

Maji yakatiririka. Sechelela, binti wa marehemu, akairudisha simu mfukoni harakaharaka, akaomba ndoo ya pili kwa sauti yake mwenyewe, akaziingiza zote mbili ndani. Na si mtu wa hivihivi ninayekusimulia hapa. Ni diwani wa Kata ya Magharani, Mheshimiwa mzima, mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na kiti chake barazani.

Sasa usianze kumkunjia uso. Kata nzima ilikuwa hivyo. Ungepita vichochoro vya Magharani jua likichomoza, ungesikia marehemu wakisalimiana na mabomba nyumba baada ya nyumba: bibi huyu akiomba kwa upole, mzee yule akifoka kama alivyokuwa akifoka akiwa hai, na mabomba yakiwajibu wote kwa majina. Sheria ilimpa kila mwenye sauti ndoo moja ya bure kwa siku. Ukitaka zaidi, unanunua. Sauti isiyosikika mwezi mzima ilijifuta yenyewe. Basi watu wakahakikisha zinasikika, kwa rekodi walizozihifadhi simuni. Nani alianza? Muulize yeyote, atakuambia ni jirani.

Alipotoka getini, Sechelela alimkuta Sikitu wa nyumba ya pili amemwinua mwanawe mbele ya sikio la bomba.

"Lia basi, baba," Sikitu alikuwa akimbembeleza. "Lia kidogo tu."

Mtoto, miezi minne tu duniani, akacheka. Sikitu akamfinya paja. Hapo akaangua kilio, na kuku wakakimbia.

"Sijakutambua," sikio likasema. "Tafadhali taja jina lako."

"Ataje jina! Jamani, ataje jina!" Sikitu akageuka, akamwona diwani wake, wala hakuona haya. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwache mtoto, Sikitu, unamtesa bure. Mpaka ajue kusema."

"Mpaka ajue kusema. Na nepi zake nizifue kwa mate mpaka hapo?"

Baba wa mtoto alikuwa ameingia mitini mimba ikiwa changa. Sikitu aliishi kwa kukaanga maandazi. Unga unataka maji, nepi zinataka maji, na ya bure alikuwa na ndoo moja basi. Nyingine alizinunua, na zilimlia faida yote. Akamfunga mtoto mgongoni. "Eti keshokutwa mnatupandishia bei mara mbili?"

"Mimi nitapinga."

"Utampinga nani, Mama? Shangazi ndiye kasema. Ikipanda mimi nafunga virago. Sijui nakwenda wapi, lakini hapa siwezi." Akaikaza kanga kwa hasira, kisha akasema lile ambalo Sechelela alikuwa anaomba asiliseme. "Mama yako ana ndoo, Mungu amrehemu. Huyu wangu hana."

Sechelela akaaga, akaenda zake.

* * *

Shangazi ndilo jina watu walilompa Mkadiriaji, mashine iliyopanga bei ya maji. Walimwita hivyo kwa sauti yake ya mwanamke wa makamo na kwa umbea wake wa kujua kila nyumba ina watu wangapi. Kazi yake haikuwa ya ajabu. Kila kata ilikuwa na kisima chake kirefu kilichochimbwa kwenye mwamba, na Shangazi alijua kila kisima kimebakiwa na maji kiasi gani. Kwa masikio ya mabomba alijua sauti ngapi zinakunywa humo. Akahesabu zitakuwa ngapi huko mbele, akagawanya, na akiona maji hayatatosha anapandisha bei, ili watu wabane matumizi na ipatikane pesa ya kuchimba chini zaidi. Madiwani walipiga kura kwa namba aliyoitoa yeye, si nyingine. Zamani walikuwa wakijipangia wenyewe, na kila mwaka wa uchaguzi bei ilishuka, mpaka siku visima vilipotapika matope. Baada ya matope yale hakuna aliyewaamini tena na namba.

Mhandisi Atuganile, aliyemtunza Shangazi, alikuwa binti mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Sechelela aliingia ofisini kwake amekuja kwa shari.

"Bei hii mtatuua nayo," alianza hata hajakaa. "Watu wangu si wafanyabiashara. Nani kawaambia tuna pesa ya kuchezea?"

"Kaa kwanza, Mama. Hata mimi inaninyima raha." Mhandisi akageuza kioo chake. "Tazama hapa. Hii kata ya Stesheni. Watu wanazaliwa, watu wanakufa, kama dunia nzima. Sasa hii hapa ni yako."

Sechelela akatazama. Mstari wa Stesheni ulikwenda ukipanda na kushuka. Wa Magharani ulikuwa unapanda tu, haupumui.

"Mnakunywa dawa gani huko?" Atuganile alitaka kutania, lakini alipomwona mwenzake alivyobadilika, utani ukamkauka. "Shangazi anaamini watu wa Magharani hawafi, Mama. Wanaongezeka tu. Kwa hesabu zake, mtakinywa kisima mpaka mwamba wenyewe. Ndiyo maana anawabana."

Sechelela akakitazama kioo upya. Yaani zile ndoo za bure! Walidhani wanaichezea shere serikali kwa ndoo mojamoja, kumbe kila asubuhi walikuwa wanampa Shangazi sababu ya kuwapandishia bei.

"Si umrekebishe, basi?"

"Sina ruhusa. Ninyi wenyewe mliandamana asiguse kumbukumbu za vizazi na vifo, mkasema mnapelelezwa. Mkashinda. Tangu siku hiyo taarifa ya kifo anaipokea kwa mdomo wa mtu wa nyumba ya marehemu, basi. Jirani hawezi, diwani hawezi, mimi siwezi. Na nikipeleka wasiwasi wangu makao makuu, wataleta uhakiki nyumba kwa nyumba, na watu wa uhakiki huwa hawaji peke yao. Wanakuja na polisi." Akashusha sauti. "Mama, mimi sijakuuliza kitu, na wewe hujanijibu kitu. Lakini keshokutwa barazani Shangazi atakuwa anasikiliza."

* * *

Kama kuna mtu ambaye Magharani ingemfuata, ni Mzee Chilongola. Alikuwa fundi wa mitambo ya kukamua alizeti enzi maghala yalipokuwa na kazi, kisha mwenyekiti wa mtaa, na yale maandamano ya kumziba Shangazi macho aliyaongoza yeye. Jioni ile Sechelela akaenda kwake.

Alimkuta amesimama bombani, taulo begani, simu mkononi. Hakumwona mgeni.

"Baba Sila," ikasema simu, sauti ya mwanamke mwenye haraka zake, "usisahau chumvi. Halafu urudi mapema, unanisikia?"

"Habari za jioni, Nyemo," bomba likajibu. "Ndoo yako hii hapa."

"Nimesikia, mama," mzee akasema taratibu, akiijibu simu. Ndoo ikajaa. Hapo ndipo alipogeuka, na uso wake ukajikunja kama wa mtu aliyekutwa anavaa.

"Hodi, mzee wangu. Nisamehe."

"Karibu. Ukishaona umeona." Akaibeba ndoo mpaka mlangoni mwa bafu la mabati, akaitua. "Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kujitekea maji ya kuoga. Narudi kutoka ghalani, nayakuta bafuni. Mpaka leo ananiandalia."

Sechelela alitamani ageuze arudi alikotoka. Badala yake akajikaza kisabuni, akamweleza yote: mstari usiopumua, kisima, bei. Mzee alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo unataka niseme nini?"

"Useme kwamba amekufa. Barazani, Shangazi akusikie. Tukingoja sauti zijifute zenyewe ni mwezi mzima, na kura ni keshokutwa. Ukisema wewe, wengine watasema."

"Sitaki."

"Mzee wangu..."

"Sitaki, nimekwambia! Nimeiba nini mimi? Hiyo ndoo alipewa kwa haki yake. Kama watoto wachanga hawana ndoo, badilisheni sheria, wahesabiwe na wao! Mnashindwa na nini?"

"Tumeomba mara ngapi? Shangazi anasema akiongeza watoto bila kumpunguza mtu, kisima kinakwisha mapema zaidi na bei inapanda zaidi. Nafasi zimejaa, mzee. Tumezijaza sisi, na waliozijaza wako makaburini."

"Wako wapi?"

Sechelela akaitazama ile ndoo mlangoni.

"Rudia," mzee akasema. "Mke wangu yuko wapi? Wewe mwenyewe, kila asubuhi nakusikia na mama yako hapo kwako. Umeacha leo? Eti Mheshimiwa! Nenda kamfute wako. Wangu niachie mwenyewe." Akaingia bafuni, akavuta mlango wa bati.

Sechelela alirudi nyumbani akikosa pa kukaa. Alikaa kitini, akainuka. Akawasha jiko, akalizima. Angeweza kukaa kimya, na kimya kilikuwa na faida zake. Posho ya udiwani ingemudu bei mpya. Mama angeendelea kukohoa kila asubuhi. Kiti chake barazani kingebaki salama, kwa sababu nani anamchagua mwizi wa maji? Mtu wa kuumia ni Sikitu, na wenzake kama Sikitu, wageni wasio na mfu hata mmoja wa kuwaombea ndoo. Wangehama kimyakimya, hata lawama zisingemfikia. Hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote, kwamba lingewezekana kirahisi hivyo. Na upande wa pili nao haukuwa safi. Amwambie mjane asimame hadharani amzike mumewe mara ya pili, ili bei ishuke? Yeye ni nani wa kuomba kitu kama hicho? Alijichukia kwa kulifikiria, kisha akajichukia kwa kusita.

* * *

Ukumbi wa baraza ulifurika. Watu wa Magharani walijaza mabenchi ya wananchi mpaka milangoni, wakijipepea, wakinong'ona, na mbele yao madiwani walijipanga nyuma ya meza zao wamevaa majoho. Sikitu alikuwa katikati ya benchi, anamnyonyesha mtoto. Mzee Chilongola alikuwa pembeni, kofia mkononi, hamtazami mtu. Juu ya kiti cha Meya kioo kilionyesha neno moja na namba moja: MAGHARANI, ASILIMIA MIA.

Mstahiki Meya Lemunge alikuwa na haraka. Alisoma ajenda mbiombio, akauliza kama kuna neno kabla ya kura.

Sechelela akasimama. "Mstahiki Meya, sina hotuba. Ninayo taarifa ya kifo."

Shangazi ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake ya kistaarabu iliyotokea darini. "Pole kwa msiba. Taja jina la marehemu na uhusiano wako naye."

"Mwaja Chiseko. Mama yangu mzazi. Naishi nyumba yake."

"Kuondolewa kwa sauti hii ni kwa muda au kwa kudumu?"

Swali la kawaida tu, liliwekwa kwa sababu ya wanaosafiri. "Kwa kudumu," akasema.

"Imepokelewa. Ongezeko la Magharani, asilimia mia moja."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Namba haikutikisika hata kidogo. Meya alivua miwani. "Mheshimiwa, hebu tuelewane. Sauti hiyo iliomba maji lini kwa mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi."

"Na mama alifariki...?"

"Mwaka juzi, Mstahiki."

Loo! Ukumbi ulilipuka. Madiwani wa kata nyingine waligongagonga meza, mmoja akipiga kelele kwamba hawezi kukaa baraza moja na mwizi. Kutoka mabenchi ya Magharani likaja neno lililomuuma zaidi: "Msaliti!" Sechelela hakumgeukia aliyesema. Aligeukia wote.

"Mimi ni mwizi, nakubali. Nitalipa, na kiti hiki nitakiacha kama mkitaka. Lakini sikilizeni jamani, maana nafasi ni hii moja. Shangazi anadhani hatufi. Anatupandishia bei kwa sababu ya watu ambao tuliwazika wenyewe kwa mikono yetu. Siwezi kumsemea mfu wa mtu mwingine, sheria hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingethubutu. Mimi nimemtaja wangu." Akavuta kiti chake. "Nimemtaja wangu," akarudia, akakaa.

Watu walitazama viatu vyao. Mwanamke mmoja alianza kuinuka, mwenzake akamvuta kanga, akakaa tena. Sikitu alikuwa ameacha kunyonyesha. Alikuwa anazungusha macho juu ya zile nyuso zote alizozifahamu, uso baada ya uso, na hakuna uliomrudishia macho. Sechelela akamwona. Amempoteza mama, amepoteza heshima, na hakuna kilichobadilika.

"Vizuri," Meya akasema, akirudisha miwani. "Suala la wizi litashughulikiwa kwa utaratibu wake. Sasa kura. Wanaoafiki ongezeko..."

"Ngoja kwanza."

Mzee Chilongola alikuwa amesimama. Alishika mgongo wa benchi la mbele kwa mkono mmoja, na kofia kwa mwingine.

"Mzee, muda wa maoni umekwisha."

"Sina maoni. Nina..." Akaikunja kofia. "Mke wangu."

"Sauti haijasikika vizuri," Shangazi akasema. "Tafadhali rudia."

"Mke wangu."

"Taja jina la marehemu, tafadhali."

Mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. "Nyemo." Safari hii ilitoka kwa nguvu kupita kiasi, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya korongo. "Nyemo Malogo."

"Pole kwa msiba. Kuondolewa kwa sauti hii ni kwa muda au kwa kudumu?"

Mzee alitazama dari, akatazama kioo, kisha akamgeukia Sechelela, na machoni mwake hakukuwa tena na hasira ya juzi. Alikuwa amepotea tu. "Anauliza nini huyu?"

Sechelela aliinuka kwenye meza ya madiwani, akashuka na joho lake, akapita mbele ya watu wote mpaka alipofika kwake. Akamshika mkono.

"Anauliza kama atarudi, baba."

Meya alitaka kusema neno, akaliacha.

"Harudi," mzee akasema mwishowe.

"Tafadhali jibu, kwa muda au kwa kudumu."

"Kwa kudumu! Kwa kudumu, wewe, huelewi? Nilimzika mwenyewe!" Kisha mabega yakamwanguka, akalia, mzee mzima, mbele ya baraza na majoho yake, na Sechelela akamkumbatia na kulia naye.

"Imepokelewa," Shangazi akasema. "Kuna taarifa nyingine?"

Benchi la nyuma likakwaruza sakafu. Yule mwanamke aliyevutwa kanga alikuwa amesimama, na mwenzake aliyemvuta naye amesimama. Kisha kijana mmoja, kisha bibi mmoja akiinuliwa na wajukuu, kisha benchi zima. Walijipanga katikati ya ukumbi kama wanavyojipanga kutoa mkono wa pole msibani, na mmoja baada ya mwingine wakataja: mume, dada, baba mkwe, mtoto. Kwa kudumu. Kwa kudumu. Kwa kudumu.

Juu ya kiti cha Meya namba ilishuka ikawa tisini na nane. Ikawa tisini na moja. Ikawa themanini na nne, na iliendelea kushuka, na katika foleni yote ile hakuna aliyeinua macho kuitazama.